Dawa Hii na Ile ni Sawa? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Moja Inaweza Kushika Nafasi ya Nyingine

Kwenye dirisha la duka la dawa swali hili halikosi hata siku moja. Mgonjwa wa presha amezoea kidonge cheupe cha duara. Leo anapewa chenye pembe, boksi la rangi nyingine, jina jingine, bei nusu. Anauliza: ni ileile? Muuzaji anajibu, "Ni ileile mama, kampuni tu tofauti," na mara nyingi anasema kweli. Tatizo ni kwamba jibu hilohilo hutolewa hata pale ambapo si kweli, kwa sababu aliyelitoa hakupitia maswali yanayolithibitisha.

Mwongozo huu unapitia maswali hayo moja baada ya jingine. Ni kwa ajili ya mfamasia anayeanza kazi, tabibu na muuguzi wa zahanati, muuzaji wa duka la dawa muhimu, na hata mgonjwa anayemeza dawa kila siku na angependa kujua anameza nini. Mpangilio wa hatua una sababu yake: ukikwama kwenye hatua moja, usiruke kwenda inayofuata ukitumaini mambo yatajiweka sawa huko mbele.

Kwanza tuondoe mezani vipimo vitatu ambavyo watu wanavipenda na havipimi chochote: bei, rangi ya kidonge, na nchi iliyotajwa kwenye boksi. "Nipe ya Uingereza, sitaki ya India" ni sentensi niliyoisikia kutoka kwa watu wa kila elimu, madaktari wakiwemo. Viwanda vya India ndivyo vinavyolisha sehemu kubwa ya soko la Marekani la jenereki (dawa zenye kiambata kilekile zinazotengenezwa na kampuni nyingine, siyo iliyoianzisha), na boksi la Ulaya mara nyingi limebeba malighafi iliyotengenezwa India au China. Vipo viwanda vibovu India, kama vilivyopo kwingine. Nchi haikwambii uko kwenye kiwanda gani.

Hatua ya 1: Andika unacholinganisha

Usilinganishe maboksi. Linganisha mambo matano: jina halisi la dawa (siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa), chumvi yake (tutaieleza Hatua ya 2), nguvu yake, umbo lake, na njia inayopitia kuingia mwilini. Chukua karatasi, piga mstari katikati, dawa ya zamani kushoto, mpya kulia, ujaze.

Kwa mfano:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, juzi mmenipa dawa isiyo yangu. Yangu ya presha imeandikwa Norvasc."

"Mzee wangu, hebu tuyageuze maboksi yote mawili."

Ukiyageuza, chini ya jina la biashara kuna maandishi madogo. La kwanza linasema ni amlodipine, kwa chumvi ya besilate, kiasi kinacholingana na amlodipine miligramu 5. La pili, lenye jina ambalo mzee hajawahi kulisikia, linasema hivyohivyo neno kwa neno. Vyote ni vidonge vya kawaida vya kumeza. Mambo matano, majibu matano yanayofanana. Hapo unaweza kusema zimefanana kwa muundo: kiambata hai (kile kinachotibu) kilekile, kiasi kilekile, umbo lilelile. Bado hujasema zinatibu sawa. Umepata tu ruhusa ya kwenda mbele.

Viungio vingine vya kidonge, yaani wanga, rangi, sukari ya lactose na gundi, vinaruhusiwa kutofautiana. Kwa watu wengi havina neno. Lakini mwenye mzio wa rangi fulani, mtoto anayepewa sharubati yenye alkoholi, au mtu asiyekula jelatini kwa sababu ya dini yake, kwao orodha hiyo ya mwisho kwenye karatasi ya maelezo ni ya kusomwa.

Hatua ya 2: Itazame chumvi, na uulize miligramu zinahesabu nini

Viambata vingi haviwezi kukaa peke yake kwenye kidonge. Hufungwa na chumvi ili viyeyuke vizuri au visiharibike. Kuna amlodipine besilate na kuna amlodipine maleate. Kwa kuwa nguvu iliyoandikwa inahesabu amlodipine yenyewe, miligramu 5 ni 5 kwa zote mbili, ingawa ndani ya kidonge cha besilate kuna karibu miligramu 6.9 za chumvi nzima.

Siyo kila dawa ina ustaarabu huo. Phenytoin ya kapsuli huwa ni phenytoin sodium, na miligramu 100 zake zina phenytoin kama miligramu 92. Phenytoin ya maji haina sodium hiyo, kwa hiyo miligramu 100 ni 100 kamili. Mgonjwa wa kifafa akihamishwa kutoka kapsuli kwenda dawa ya maji "kwa dozi ileile", dozi yake imepanda bila mtu kuandika popote. Asilimia nane inaonekana ndogo. Kwa phenytoin siyo ndogo, na tutaona kwa nini.

Mfano mwingine ni metoprolol. Kuna tartrate, inayotumika mara mbili au zaidi kwa siku, na kuna succinate, ambayo hutengenezwa ili iachie dawa polepole na kumezwa mara moja. Tofauti haiishii kwenye idadi ya vidonge. Jaribio kubwa la MERIT-HF la 1999, lililoonyesha metoprolol ikipunguza vifo kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, lilitumia succinate. Ukimpa mgonjwa wa aina hiyo tartrate kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, umempa kitu ambacho ushahidi wake haupo mahali hapo. Kwa presha ya kawaida mjadala ni mwepesi zaidi. Kwa hiyo swali la usawa lina mkia: sawa kwa ugonjwa gani?

Hatua ya 3: Umbo na mwendo wa kuachia dawa

Tafuta herufi zinazofuata jina: SR, XR, XL, MR, CR, LA, au neno retard. Zote zinaashiria kidonge kinachoachia dawa taratibu, na hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Nifedipine ya kawaida hushusha presha ghafla. Nifedipine retard hushusha kwa utulivu. Jina halisi ni lilelile, miligramu zinaweza kuwa zilezile, lakini kubadilishana hapo kunaweza kumwangusha mtu. Na vidonge vya namna hii havivunjwi wala kusagwa, isipokuwa karatasi yake imeruhusu.

Nitakaa kidogo kwenye dawa mseto ya malaria kwa sababu hapo makosa ni ya kila siku. Artemether-lumefantrine, ALu kama tulivyozoea kuiita Tanzania, ilianza na kidonge cha miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu: jumla 24. Baadaye vikaja vidonge vya 80/480, ambapo kimoja kinabeba kazi ya vinne. Dozi nzima ni vidonge sita. Jumla ya dawa haijabadilika: artemether miligramu 480, lumefantrine 2,880.

Sasa fikiria mtu aliyezoea "nne asubuhi, nne jioni" akapewa boksi jipya na maelezo ya haraka. Atameza vinne vya 80/480. Au muuzaji aliyesikia kwamba dozi siku hizi ni vidonge sita, akakata sita vya 20/120. Wa kwanza kameza mara nne ya dozi, wa pili kapata robo, na malaria haitibiwi kwa robo. Dawa hizi mbili zinaweza kutoa matokeo sawa zikitolewa ipasavyo, lakini si za kubadilishana kidonge kwa kidonge. Kwenye karatasi yako ya mistari mitano, mstari wa nguvu ungekuwa umeshapiga kelele.

Kuna jambo jingine la ALu linalosahauliwa. Lumefantrine hupenda mafuta: ikimezwa na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuongezeka hadi mara 16 kuliko ikimezwa tumbo tupu. Mtu akimeza ALu ya kampuni moja kwa chai ya rangi, na mwezi mwingine ALu ya kampuni nyingine baada ya maziwa au maharage yaliyoungwa nazi, atakuja kukwambia ya pili ndiyo kali. Kilichotofautiana ni mlo.

Hatua ya 4: Ushahidi wa kwenye damu

Dawa mbili zikifanana kwa muundo, swali linalofuata ni kama zinafika kwenye damu kwa kiasi kilekile na kwa kasi ileile. Hapa ndipo palipo na uongo mwingi mitaani, kwa hiyo twende polepole.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa. Watu wenye afya, mara nyingi kati ya 24 na 36, hupewa dawa ya asili (hapa ni ile ya kampuni iliyoianzisha, siyo ya mitishamba), wanachotwa damu mara kwa mara kwa saa kadhaa, wanapumzika hadi dawa iishe mwilini, kisha wanapewa jenereki na kuchotwa tena. Nusu yao huanza na jenereki. Kila mtu analinganishwa na nafsi yake. Vinapimwa vitu viwili: jumla ya dawa iliyoingia kwenye damu, ambayo kwenye ripoti utaiona kwa herufi AUC, na kilele, yaani kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa, kinachoandikwa Cmax.

Kisha inakuja kanuni maarufu ya asilimia 80 hadi 125. Watu huisoma hivi: jenereki inaruhusiwa kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Kwanza, kanuni haizungumzii kiasi kilichomo kwenye kidonge. Hicho kina vipimo vyake vya maabara ambavyo ni vikali zaidi. Pili, si wastani unaotakiwa kuwa ndani ya 80 na 125, bali wigo mzima wa uhakika wa asilimia 90 unaozunguka wastani huo, yaani eneo ambamo wastani wa kweli unakadiriwa kuwemo. Chukua jenereki ambayo wastani wake ni asilimia 97 ya dawa ya asili, na wigo wake unaanzia 91 hadi 104. Imepita. Nyingine ina wastani wa 88, na wigo unaanzia 79 hadi 98. Imeanguka, japo 88 yenyewe iko ndani ya mipaka, kwa sababu mkia wa chini umetoka nje. Kwa hesabu hiyo, jenereki iliyo mbali kweli na ya asili hupata shida sana kupita.

Wengine huuliza mbona juu ni 125 na siyo 120. Ni suala la uwiano: 80 kwa 100 ni sawa na 100 kwa 125. Mpaka ni uleule, umepimwa kutoka pande mbili.

Na hali halisi ikoje? Wataalamu wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walichapisha 2009 mapitio ya majaribio 2,070 yaliyofanyika kati ya 1996 na 2007. Tofauti ya wastani kati ya jenereki na dawa ya asili ilikuwa asilimia 3.56 kwa jumla ya dawa na 4.35 kwa kilele. Namba hizo ni za kumwonyesha daktari anayeandika "usibadilishe" kwenye kila cheti kwa mazoea.

Siyo kila dawa inahitaji kuchota watu damu. Sindano ya mshipa ambayo dawa yake imeshayeyuka kabisa kwenye maji inaingia moja kwa moja kwenye damu, hakuna cha kulinganisha. Baadhi ya vidonge vya dawa zinazoyeyuka kwa urahisi huruhusiwa kuthibitishwa kwa kipimo cha uyeyukaji maabara. Kwa upande mwingine, krimu za ngozi, matone ya macho na pampu za pumu hufanya kazi pale zinapopakwa au kuvutwa, na kiwango cha kwenye damu hakisemi mengi. Pampu mbili za salbutamol zenye mikrogramu zilezile zinaweza kutofautiana kwa jinsi zinavyorusha dawa. Huko, mwangalie mgonjwa akivuta mbele yako kabla ya kusema pampu mpya haifanyi kazi.

Hatua ya 5: Wapi pa kuupata ushahidi huo

Chanzo kinachotumika sana kwa kazi hii ni kitabu cha FDA kinachoitwa Orange Book, kilichoanza 1980 na sasa kiko mtandaoni bure. Kila dawa yenye zaidi ya mtengenezaji mmoja hupewa herufi. Ikianza na A, maana yake FDA imeridhika kwamba inaweza kushika nafasi ya mwenzake. AB ni zile ambazo mashaka ya mwanzo yalimalizwa kwa ushahidi. Ikianza na B, hapana. Angalia pia namba zinazofuata: AB1 hubadilishana na AB1, siyo na AB2. Nifedipine ya kuachia taratibu ni mfano mzuri, kwani Adalat CC iko kundi moja na Procardia XL iko jingine.

Ila kitabu hicho kinahusu bidhaa za soko la Marekani, na boksi lililo mkononi mwako Songea au Kakamega huenda halimo kabisa. Hata jina la kampuni likifanana, kiwanda kinaweza kuwa kingine. Kwa dawa za ARV, malaria na kifua kikuu, nenda kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa zilizopitiwa kabla ya kununuliwa, mpango ulioanza 2001. Kila dawa iliyomo ina ripoti ya wazi inayosema ililinganishwa na nini na matokeo yalikuwaje. Kwa zilizobaki, anza na mamlaka ya nchi yako: TMDA kwa Tanzania Bara, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, ZFDA kwa Zanzibar. Linganisha jina la biashara, nguvu, mtengenezaji na namba ya usajili. Vikipishana, simama hapo.

Usajili unakwambia kwamba mtu aliyesomea ameyapitia makaratasi na dawa imeruhusiwa kuuzwa. Hauwi daima na maana kwamba jenereki mbili zililinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa kawaida kila moja ililinganishwa na dawa ya asili. Na makaratasi yanategemea uaminifu wa maabara. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza kusimamishwa kwa takriban aina 700 za dawa, ukihesabu kila umbo na kila nguvu, kwa sababu majaribio yake yalifanyika GVK Biosciences mjini Hyderabad, ambako vipimo vya moyo vya washiriki vilikutwa vimechezewa. Haikuonekana kwamba dawa zenyewe zilidhuru watu. Kilichopotea ni sababu ya kuamini majaribio.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu mgonjwa ndiye aliyekuwa sahihi, ni wa bupropion, dawa ya sonona. Jenereki iitwayo Budeprion XL ya miligramu 300 iliruhusiwa Marekani 2006 kwa ushahidi wa kidonge cha 150; ilidhaniwa kwamba 300 itafuata. Wagonjwa wakaanza kulalamika kwamba sonona imerudi. Ilichukua muda, lakini FDA ilifanya jaribio lake yenyewe kwa kidonge cha 300, na 2012 ikatangaza kwamba hakikuwa sawa na dawa ya asili. Kikaondolewa sokoni. Kwa hiyo ukikuta ushahidi, angalia ni wa nguvu ipi, hasa kwa vidonge vinavyoachia taratibu.

Hatua ya 6: Dawa za mpaka mwembamba

Kwa dawa nyingi, tofauti ya asilimia chache haina maana yoyote mwilini. Kuna kundi dogo ambalo dozi inayotibu na dozi inayodhuru zinakaa jirani: phenytoin, warfarin, digoxin, levothyroxine, lithium, theophylline, ciclosporin, tacrolimus. Kwa dawa za namna hii Ulaya hubana mipaka iwe 90.00 hadi 111.11 badala ya 80 hadi 125.

Kilichowafundisha wataalamu ni matukio kama ya Australia mwaka 1968. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa phenytoin miaka mingi walianza kuyumba wanapotembea, kusinzia, macho kuchezacheza. Dozi haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kijazio: mtengenezaji aliacha calcium sulphate akaweka lactose. Ile ya kwanza ilikuwa inaizuia sehemu ya dawa isiingie kwenye damu, na madaktari walikuwa wamepanga dozi juu ya kizuizi hicho bila kujua. Kilipoondolewa, phenytoin ikaingia yote. Na phenytoin ina tabia mbaya: ini lina uwezo wenye kikomo wa kuivunja, kwa hiyo ukishafika karibu na kikomo, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango kwenye damu kwa kasi. Ndiyo maana ile asilimia nane ya chumvi si ya kupuuzwa. Miaka michache baadaye, 1971, digoxin ya watengenezaji tofauti ilikutwa Marekani ikitoa viwango vya damu vilivyopishana hadi mara saba kwa miligramu zilezile. Kanuni tulizonazo zilijengwa juu ya mambo hayo.

Uingereza tangu 2013 imezigawa dawa za kifafa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni phenytoin, carbamazepine, phenobarbital na primidone: mgonjwa abaki na bidhaa ya mtengenezaji mmoja. La pili, kama valproate na lamotrigine, daktari na mgonjwa waamue. La tatu, kama levetiracetam, hakuna haja ya kung'ang'ania. Mgawanyo huo unafaa sana kwetu kwa sababu phenobarbital ndiyo dawa ya kifafa ya zahanati nyingi za vijijini, na mtengenezaji hubadilika kila zabuni inapobadilika.

Huwezi kumzuia msambazaji. Unachoweza ni hiki: mzigo mpya ukija na mtengenezaji mwingine, mjulishe mgonjwa na anayeishi naye kabla hajaondoka dirishani, andika jina la mtengenezaji kwenye kadi yake, mwambie aandike kila degedege na kila siku ya kusinzia kupita kawaida, na mpe tarehe ya kurudi iliyo karibu. Kwa warfarin, pima INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) ndani ya wiki moja au mbili baada ya mabadiliko. Kwa levothyroxine, pima TSH (kipimo cha damu cha tezi ya shingo) baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo namba itakudanganya. Na usimrushe mgonjwa huku na huko kila mwezi. Jenereki moja nzuri anayokaa nayo ni bora kwake kuliko nzuri tatu zinazopokezana.

Hatua ya 7: Kama viambata vyenyewe ni tofauti

Hapa hatuzungumzii jenereki tena. Enalapril imekwisha, ipo lisinopril. Hii siyo kazi ya muuzaji kuamua peke yake. Aliyeandika cheti apigiwe simu. Lakini anayepigiwa naye anahitaji njia ya kufikiri.

Anza na lengo. Tunataka presha ishuke, au tunataka figo ya mgonjwa wa kisukari ilindwe? Dawa mbili zinaweza kulingana kwa la kwanza na zisiwe na ushahidi sawa kwa la pili. Kisha tafuta majaribio yaliyozilinganisha uso kwa uso. Mengi yameundwa kuonyesha kwamba dawa moja si duni kuliko nyingine kupita kiasi kilichokubaliwa mapema. Uliza kiasi hicho ni kipi na nani angekikubali kama angekuwa ndiye mgonjwa. Angalia pia dozi: ni rahisi kushinda ukimpa mpinzani dozi ndogo.

Jedwali za dozi zinazolingana zinasaidia, zikisomwa kwa tahadhari. Prednisolone miligramu 5 hulingana na hydrocortisone 20 na dexamethasone 0.75, ila hiyo ni kwa nguvu ya kutuliza uvimbe tu. Hydrocortisone hubakiza chumvi na maji mwilini, dexamethasone karibu haifanyi hivyo na hudumu muda mrefu zaidi. Kwa kolesteroli, atorvastatin 10 iko karibu na simvastatin 20. Sasa mrudishe mzee wa amlodipine: tangu 2011 FDA inasema anayetumia amlodipine asizidishe simvastatin miligramu 20 kwa siku, kwa sababu misuli inaweza kuharibika. Kama alikuwa kwenye atorvastatin 40, hakuna dozi ya simvastatin inayoruhusiwa kwake itakayoifikia. Jedwali halikujua kwamba ana presha.

Madhara nayo hulingana au hayalingani. Aliyekohoa kwa enalapril kwa kawaida atakohoa kwa lisinopril. Losartan ina njia nyingine na mara nyingi kikohozi huisha. Kwa antibayotiki niseme kwa kifupi tu: Ampiclox, amoxicillin na amoxicillin yenye clavulanate ni dawa tatu, na kuzibadilisha kwa kuwa "zote ni za penisilini" ni uzembe. Insulini nayo vivyohivyo. Ya kazi ya haraka, ya kati na mchanganyiko wa 30/70 zote zinakuja kwenye vichupa vinavyofanana, zote yuniti 100 kwa mililita, na kosa moja la kichupa usiku linaweza kumwondoa mtu.

Hatua ya 8: Mgonjwa anaposema haifanyi kazi

Msikilize, kisha pima. "Naona hii nyepesi" siyo kipimo, na presha ya 168/100 kwa mtu aliyekuwa 132/80 ni kipimo. Kabla ya kuilaumu dawa mpya, uliza kama anaimeza (wengine wanaogopa kidonge wasichokijua na kukiacha kimya kimya), anaimeza na nini, anaihifadhi wapi, ameongeza dawa gani nyingine ikiwemo ya mitishamba. Angalia tarehe ya kuisha. Angalia kama boksi lina makosa ya maandishi au namba ya toleo isiyofanana na ya kwenye pakti ya ndani, maana dawa feki haina mjadala wa usawa.

Kama maelezo yote hayo hayatoshi, rudisha mgonjwa kwenye bidhaa ya awali kwa ushauri wa daktari, na toa taarifa TMDA au Bodi ya Famasia na Sumu, kwa fomu yao au kwa mtandao. Andika jina la biashara, jina halisi, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, dozi, bidhaa aliyokuwa akitumia kabla, tarehe aliyobadilisha, na vipimo vya kabla na baada. Usitupe boksi wala vidonge vilivyobaki. Vifunge pamoja, viweke pakavu mbali na jua, kwa sababu wakaguzi wakiamua kuipima dawa hiyo maabara, watavihitaji.